Neno Nililolitoa Juu ya Kifusi

Usiku wa Maulidi, Juni 1999, roshani ya nyumba moja ya ghorofa Chumbageni, Tanga, ilianguka. Zefe lilikuwa linakuja, matari yanasikika, na watu tisa walikuwa wamepanda juu wapate kuona vizuri. Hakufa mtu. Bibi mmoja alivunjika mguu, kijana mmoja akateguka bega, na waliokuwa njiani walipona kwa kuwa zefe lilisimama kidogo nyuma kuwasubiri wazee. Mtaani walisema ni baraka za Mtume. Sina sababu ya kubisha.

Asubuhi yake, saa mbili, nilikuwa nimesimama juu ya kifusi. Mwenye nyumba tulikuwa tukisali naye msikiti mmoja, na alinitumia mtoto kabla sijamaliza chai. Nilikuwa na miaka kumi na tano tangu nitoke Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilijiona nimekomaa. Niliokota bonge la zege, nikalisugua kwa kidole gumba, nikaona chembe nyeupe za kombe. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu labda ishirini: "Huu ni mchanga wa baharini."

Maneno matano. Sikuwa nimepima kitu.

Tanga ni mji wa baiskeli, na habari nazo hupanda baiskeli. Adhuhuri neno langu lilikuwa limeshavuka reli, liko Ngamiani, linashuka barabara moja baada ya nyingine. Jioni fundi aliyejenga nyumba ile, mtu wa makamo asiyejua kupandisha sauti, alikuwa ameshabatizwa. Walimwita Mchanga wa Bahari. Hazikupita wiki mbili, watu wawili waliokuwa wamempa kazi wakamfuata kutaka fedha zao za kuanzia.

Kwa mtu wa pwani, nilichosema kilikuwa na sura ya ukweli. Kila saidia fundi anajua kwamba mchanga wa baharini una chumvi na chumvi inakula nondo. Wachache wanajua inakulaje. Saruji ikiganda huiacha nondo ndani ya ukali kama wa magadi, na ukali huo huivisha chuma ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Chumvi ikifika inaitoboa ngozi hiyo, kutu inaanza. Kutu inataka nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, kwa hiyo inavimba, inalipasua zege kwa ndani kama mzizi wa mwembe unavyopasua ukuta wa uani. Kwanza unaona mstari wa kahawia chini ya slabu, halafu ufa unaoifuata nondo, halafu vipande vinaanza kudondoka. Ni kazi ya miaka mingi. Nyumba ile ilikuwa na miaka mitatu.

Hilo tu lilitosha kunifunga mdomo, na halikunifunga.

Jioni nilikwenda kwa mzee mmoja, mhandisi mstaafu wa reli, aliyenilea katika kazi. Nilimwamkia, nikamsimulia. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Umepima?" Nikasema bado. "Basi hayo uliyoyasema ni ya nani?" Akarudi kwenye kahawa yake.

Kesho yake nilirudi Chumbageni na kamera yenye filamu ya picha 36, futi kamba, chaki, na chupa ndogo ya dawa ambayo wenye kazi hii wanaijua. Haina rangi. Ukiipulizia kwenye zege lililovunjika karibuni na bado lina ule ukali wa magadi, linageuka zambarau iliyoiva. Lililokwisha kuchoka kwa hewa halibadiliki. Nilipulizia, na bonge lote likaiva zambarau karibu hadi ukingoni. Nondo zilizochomoza zilikuwa na wekundu mwepesi wa usiku mmoja wa umande, ule unaofutika kwa kitambaa. Zikafutika.

Zile chembe za kombe je? Ardhi ya Tanga sehemu kubwa ni bahari ya zamani, matumbawe yaliyoinuka yakawa nchi kavu. Unaweza kuchimba mchanga mbali na ufuko ukakuta kombe lililooshwa na mvua za maelfu ya miaka, chumvi yote imekwenda zake. Nilifundishwa hayo darasani, nikayasahau pale palipokuwa na watu ishirini wanaoningoja niseme.

Ndipo nikaanza kutazama nilichopaswa kutazama tangu mwanzo.

Roshani ya aina ile imeshikwa upande mmoja tu, ukutani. Upande wa pili ni hewa. Chukua rula, ibane ukingoni mwa meza, uikandamize ncha: inapinda kwenda chini, na sehemu inayovutika ni ya juu. Zege halistahimili kuvutwa, nondo ndiyo inayostahimili, kwa hiyo katika roshani nondo za kazi hulazwa juu, karibu na uso unaokanyagwa. Slabu ile ilikuwa na unene wa milimita 125, imetokeza mita moja na nusu. Nondo za milimita 12 zilipaswa kuwa milimita 20 tu chini ya uso. Nilipopima pale ilipokatika, kati ya nondo na uso palikuwa na milimita 80. Zilikuwa zimelala karibu na chini, mahali ambapo msaada wake ni mdogo mno. Kwa hesabu za kawaida, roshani ilibakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake.

Zilishukaje? Yeyote aliyewahi kusimama kwenye kazi ya kumwaga zege anajua. Nondo za juu hazikai hewani zenyewe. Za chini hukalia biskuti za zege, za juu hutakiwa kukalia viti vya chuma. Siku ya kumwaga, vijana wanapanda na makarai kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wanakanyaga nondo zile zile. Kama viti ni vichache, kila hatua inazishusha kidogo, na ikifika saa tisa mchana zimefika chini. Zege linazifunika, juu linasawazishwa vizuri, linapigwa rangi nyekundu, kila mtu anasifu. Hakuna jicho litakaloona kosa hilo tena mpaka siku itakapokatika.

Kwa hiyo kosa la fundi lilikuwepo, ila lilikuwa tofauti na lile nililolitangaza.

Bado kulikuwa na kitu kinanisumbua. Uso wa mpasuko ulikuwa na rangi mbili. Sehemu ya juu, kama vidole vitatu, ilikuwa chafu, kijivu, ina vumbi na ukungu uliozeeka. Chini yake zege lilikuwa safi, jeupe, la jana. Ufa ule wa juu ulianza siku nyingi kabla ya Maulidi. Nani aliuanzisha? Niliona jibu wiki moja baadaye, picha ziliposafishwa. Kwenye picha ya 23, kipande kikubwa cha sakafu nyekundu kilikuwa na duara lililopauka, lenye upana unaozidi mita moja kidogo. Nilikuwa nimesimama juu yake nikilipiga picha na sikuliona.

Tangi la plastiki la lita 1,000. Likijaa ni tani moja kamili, bila kuhesabu plastiki yenyewe. Watu tisa, hata tukiwapa unene, ni kilo 600 na kitu. Maji yalikuwa ya mgao, mwenye nyumba alipandisha tangi roshanini ili maji yateremke yenyewe jikoni, likakaa miezi minane, kisha wanawe wakaliondoa kupisha wageni wa Maulidi. Hakuniambia. Nilipomwuliza alisema, "Kwani lilikuwepo siku ile?" Hapo alisema kweli.

Kesi ilifunguliwa Mahakama ya Hakimu Mkazi, mwenye nyumba akimdai fundi. Mimi nilikuwa shahidi wa mdai. Wakili wake alinisomea taarifa yangu ofisini kwake, akafurahi sana alipofika kwenye nondo, akakunja uso alipofika kwenye tangi. Akaniambia kwa heshima zote, "Injinia, aya hii haina ulazima. Wewe umeulizwa roshani ilijengwaje, hukuulizwa ilitumikaje." Tena ndiye aliyekuwa akinilipa nauli na posho. Ningependa kuandika kwamba nilikataa pale pale. Nililala nayo siku mbili. Nilichokiwaza usiku hakikuwa sheria, ni yule fundi. Nilishamvunjia jina kwa maneno matano. Nikifuta aya moja nitakuwa nimemzika. Aya ikabaki.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili la mtaalamu kutoa rai mahakamani lina historia ndefu. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, katika kifungu nilichokikariri kwa namba 47, inaruhusu mahakama kupokea rai ya mtu mwenye ujuzi maalumu. Shahidi wa kawaida anasema alichokiona, lakini mtaalamu anaruhusiwa kusema anachofikiri. Ni upendeleo mkubwa na haukuja hivi hivi. Wanasheria huanzia kwenye kesi ya Folkes na Chadd, Uingereza, mwaka 1782. Bandari ya Wells, Norfolk, ilikuwa ikijaa mchanga, na lawama zikaangukia tuta lililojengwa kuzuia bahari isiingie kwenye ardhi. Wenye tuta wakamleta John Smeaton, mjenzi wa mnara wa taa wa Eddystone, aseme kama kweli tuta ndilo linaloharibu bandari. Ikabishwa kwamba rai si ushahidi, asisikilizwe. Jaji Mansfield akasema asikilizwe.

Nampenda Smeaton kwa sababu nyingine. Alikuwa mtu wa chokaa. Kabla ya kujenga Eddystone alihangaika na chokaa za namna kwa namna mpaka akaipata inayoganda hata ndani ya maji. Wazee wetu waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma wangeelewana naye kabla ya yeye kuelewana na mawakili wake.

Ila hata yeye aliitwa na upande mmoja, kama nilivyoitwa mimi. Ilichukua miaka mingine mia mbili na kitu kabla jaji wa London, Cresswell, hajaliweka wazi mwaka 1993, katika shauri la meli Ikarian Reefer iliyopanda mwamba pwani ya Sierra Leone mwaka 1985 ikaungua, wenye bima wakidai imeteketezwa kwa makusudi. Aliandika orodha ya wajibu wa mtaalamu, na kiini chake ni kwamba rai yake iwe yake mwenyewe bila kuelekezwa na matakwa ya upande uliomleta, na asifiche ukweli unaoipinga. Mzee wangu wa reli hakuwahi kuisoma hukumu hiyo. Alikuwa akinywa kahawa yake tu.

Siku ya ushahidi niliapa kwa Msahafu, nikataja namba yangu ya usajili wa Bodi ya Wahandisi, nikaanza kueleza. Nilisema haraka, kama mwalimu anayewahi kengele. Hakimu akanyanyua kichwa: "Shahidi, mimi naandika kwa mkono." Tangu siku ile, kila niliposimama mahakamani nilitazama kalamu ya hakimu. Ikisimama naendelea, ikikimbia nanyamaza.

Na ile kalamu ilikuwa na kazi mbili. Sisi tulisema Kiswahili, yeye aliandika Kiingereza. Fundi alipotoa ushahidi wake alisema, "Tulimwaga jamvi asubuhi." Kwa fundi yule kila zege lililolala ni jamvi. Nilipokuja kuusoma mwenendo wa shauri, nikakuta roshani ya Chumbageni imeandikwa kwa neno la Kiingereza la mkeka wa kulalia. Mtu wa rufaa angesoma angedhani tulikuwa tunagombania busati. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Wenzangu wengine walinung'unika kwamba istilahi hazitoshi. Mimi nimeona nondo ikiandikwa nondo na zege likiandikwa zege, na sidhani haki ilipungukiwa.

Kisha akasimama wakili wa mdaiwa, kijana, mwembamba, hana haraka. Alianza na gunia. Sampuli zangu za zege nilizifunga kwenye gunia la mkonge na kuzipeleka Dar es Salaam kupimwa chumvi, kwa basi.

"Gunia lilikaa wapi ndani ya basi?"

"Kwenye buti la mizigo."

"Nani alisaini kulipokea Dar?"

Hakuna aliyesaini. Mpwa wangu alilichukua stendi.

"Usiku ule lililala kwa nani?"

Kwa mpwa wangu, chini ya kitanda. Watu wakacheka, hata karani. Majibu ya maabara, ambayo yalionyesha chumvi ni kidogo isiyo na madhara, yakakataliwa kuwa kielelezo. Tazama mambo yalivyo: majibu yale yalikuwa yanamsaidia mteja wake mwenyewe! Alikuwa ameukata mti aliokalia, au ndivyo nilivyofikiri. Alikuwa ameniandalia swali la pili.

"Asubuhi ya baada ya Maulidi, ulisimama juu ya kifusi?"

"Nilisimama."

"Ulisema nini kuhusu mchanga?"

Kalamu ya hakimu ilikuwa imesimama. Nilimtazama wakili aliyeniita, naye akatazama mafaili yake.

"Nilisema ni mchanga wa baharini."

"Ulikuwa umepima?"

"Sikuwa nimepima."

"Leo unasemaje?"

"Nasema nilikosea. Zege lilikuwa zima. Dawa niliyoipulizia mimi mwenyewe pale pale ilionyesha ukali wake bado upo, na nondo nilizozifuta kwa kitambaa hazikuwa na dalili ya kuliwa na chumvi."

Hakimu aliandika yote, polepole, akasoma kwa sauti ili nithibitishe. Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele, ameshika kofia yake mapajani. Hakuinua kichwa.

Nondo na tangi vikafuata, tukavimaliza kabla ya adhuhuri. Nilipoulizwa kama roshani ingeanguka hata kama tangi lisingewekwa, nilisema sijui. Wakili wa mdai aliuma meno. Lakini nondo zilizoshuka na ufa wa zamani vilifanya kazi pamoja, na hapakuwa na hesabu ya kuvitenganisha kwa usahihi wa asilimia. Ningeweza kutunga namba. Mahakama inapenda namba, na mtu mwenye kikokotoo mkononi huaminiwa upesi.

Hukumu ilisomwa mwaka 2002. Fundi alipatikana na uzembe wa kutoweka viti vya nondo. Mwenye nyumba naye alionekana amechangia, kwa kuweka mzigo ambao roshani haikukusudiwa kuubeba na kwa kujenga bila michoro ya mhandisi. Fidia ikakatwa nusu. Suala la mchanga lilipata mstari mmoja: halikuthibitishwa.

Tangu hapo nimesimama kizimbani mara nyingi, kwa kuta, matangi na daraja moja. Kila jengo kubwa linapoanguka nchini nairudia ile asubuhi. Ijumaa Kuu ya 2013 jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36, sababu zilishatajwa mitaani kabla miili haijatolewa. Siku ya Krismasi 2020, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilipoanguka Zanzibar likiwa kwenye matengenezo na kuua wawili, vivyo hivyo. Novemba 16, 2024, Kariakoo, niliwatazama kwenye simu wahandisi wenzangu, wengine vijana niliowafundisha, wakieleza kwa uhakika kilichoangusha ghorofa wakiwa mbali nalo, huku chini yake watu bado wanagonga zege waokolewe. Huenda walipatia. Hata mimi ningeweza kupatia siku ile. Chembe za kombe zilikuwepo kweli.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayesoma. Likianguka jengo mtaani kwenu, okoeni watu kwanza, hapo hakuna mjadala. Mtu wa mwisho akishatolewa, msiruhusu toroli wala lori kuondoa kifusi kabla hakijapigwa picha, juu na chini, nondo zote zikionekana. Kipande kinachobebwa kupimwa kiandikwe namba, na kila anayekipokea asaini. Na mkimwona mhandisi amesimama juu ya kifusi, msimwulize kitu kwa wiki moja.

Fundi yule alihamia Mombasa kabla ya hukumu na huko ndiko alikozikwa. Niliwahi kumfuata kumwomba radhi, akanikaribisha chai, tukazungumza bei ya saruji. Mwanawe alirudi Tanga, anafanya kazi ya baba yake, na anaweka viti vya nondo vingi kuliko vinavyohitajika. Mwaka jana nilipita anapojenga, nikamsikia kijana wa karai, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya hukumu, akimwita kutoka juu: "Mchanga wa Bahari! Zege limefika!"

Akaitika.